Shimo Likifungwa, Nani Hubaki Mlinzi?



Kila siku malori hupanga foleni katika barabara kuu ipitayo Tunduma, yakiwa yamebeba shaba na kobalti kutoka Katanga, nchini Kongo, kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Madereva hununua chakula kwetu, hulala kwetu, nasi twazungumza nao Kiswahili, maana ndiyo lugha ya Katanga pia. Biashara hiyo imelisha nyumba nyingi za mji huu. Hata hivyo, macho yetu huishia kwenye lori. Shimo ambamo mzigo ule ulitoka hatulioni, wala hatuulizi nani ataliangalia shimo hilo siku lori la mwisho litakapokuwa limepita.

Yafaa tuulize sasa, kwa sababu swali hilo laja kwetu. Katika Wilaya ya Songwe, mkoani mwetu, kunaandaliwa mgodi wa madini adimu huko Ngualla. Mkoani Ruvuma, wilayani Namtumbo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mwezi Julai 2025 kiwanda cha majaribio cha kusafisha urani katika mradi wa Mto Mkuju. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Malawi, mgodi wa urani wa Kayelekera ulirudi kazini mwaka huohuo baada ya kulala zaidi ya miaka kumi. Tumezungukwa. Nia yangu si kupiga kelele kwamba migodi yote ifungwe. Nataka tutafakari pamoja neno moja tu: ulinzi wa ardhi baada ya kazi kwisha. Msimamo wangu nausema wazi tangu mwanzo: jamii isiyopanga mlinzi kabla shimo halijafunguliwa haitampata mlinzi huyo shimo likishafungwa.

Mwamba mmoja, makaburi mawili

Karibu na mji wa Likasi, Katanga, kuna mahali paitwapo Shinkolobwe. Urani iligunduliwa hapo mwaka 1915, na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ikachimba. Mwanzoni walitafuta radiamu, iliyokuwa na thamani kubwa katika tiba. Baadaye vita vilibadili kila kitu. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika mpango wa kutengeneza bomu la atomiki, lile lililoangamiza mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika shimo hilo la Kongo. Mawe yake yalikuwa na urani nyingi kuliko mawe ya karibu mahali pengine popote duniani.

Mwaka 1960, Kongo ilipokaribia uhuru, Wabelgiji waliziba njia za chini ya ardhi kwa zege, wakaondoka. Zege lilibaki, mlinzi hakubaki. Miaka ilipita, nchi ikaingia katika vita na ufukara, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wadogo walifika hapo kwa sururu na koleo wakitafuta kobalti. Walijenga makazi juu ya mgodi, wakalala na watoto wao juu ya vumbi lenye mionzi. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kupafunga mahali hapo. Uchimbaji haukukoma. Julai mwaka huo shimo liliporomoka, watu wasiopungua wanane wakafa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokwenda kuchunguza baadaye mwaka 2004 walionya kwamba hatari ya kuporomoka ilikuwa bado ipo.

Sasa tuyafuate mawe yaleyale yaliyokwenda ng'ambo. Baadhi yalisafishwa Marekani, na mabaki yake mazito, yenye radiamu nyingi, yakahifadhiwa katika matangi makubwa mawili ya zege mahali paitwapo Fernald, katika jimbo la Ohio, karibu na mji wa Cincinnati. Huko Fernald kiwanda cha serikali kilitengeneza madini ya urani kwa ajili ya silaha tangu miaka ya 1950 mwanzoni hadi mwaka 1989. Vumbi la urani lilitoka viwandani likaenea mashambani, na visima vya majirani vikachafuka. Wananchi walipopata habari hizo mwaka 1984 waliunda chama chao, wakaenda mahakamani, na mwaka 1989 serikali ikakubali kulipa dola milioni 78. Kisha ikaja kazi ya kusafisha. Iligharimu dola za Kimarekani zipatazo bilioni 4.4, ikamalizika mwaka 2006. Yale mabaki ya mawe ya Kongo yalitolewa kwenye matangi yakapelekwa Texas. Udongo wenye uchafu hafifu ulizikwa palepale Fernald, katika kaburi kubwa lililotandikwa na kufunikwa kwa matabaka. Mahali palipokuwa na kiwanda leo pana nyasi, mabwawa na ndege, na wageni hupokewa hapo.

Je, baada ya hapo walifunga mlango na kuondoka? La hasha. Tangu Desemba 2003 Wizara ya Nishati ya Marekani ina ofisi maalumu ambayo kazi yake ni kuangalia maeneo ya namna hiyo yaliyokwisha kusafishwa. Inayaangalia zaidi ya 100. Huko Fernald wafanyakazi wake hukagua lile kaburi, hupima maji, huzuia mtu yeyote kuchimba kisima au kujenga nyumba, na pampu za kusafisha maji yaliyo chini ya ardhi bado zinafanya kazi. Hawakupanga kazi hiyo kwa miaka mitano wala kumi. Waliikubali kuwa haina siku ya kumalizika.

Hivyo mwamba ulikuwa mmoja, ila makaburi ni mawili. Upande mmoja kaburi lina mlinzi, daftari, bajeti na kipimo. Upande wa pili mlikuwa na zege, kisha mtoto wa maskini akalala juu yake. Mfano wa tajiri na Lazaro tumeuzoea mno masikioni. Hapa twauona umeandikwa katika udongo.

Hata hivyo tusidhani kwamba utajiri peke yake ndio uletao ulinzi. Katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani hiyohiyo, urani ilichimbwa tangu mwaka 1944 hadi 1986, na zaidi ya migodi 500 iliachwa wazi. Julai 1979 bwawa la topesumu lilipasuka huko Church Rock, New Mexico, na maji yake yakaingia katika mto uliokuwa ukinywesha mifugo ya watu hao. Nchi ni moja na hazina ni moja. Tofauti moja kubwa ilikuwa sauti ya wananchi na nafasi waliyopewa ya kusikilizwa. Fernald ilipata mlinzi kwa sababu akina mama na akina baba wa kijiji walikataa kunyamaza.

Hesabu ya miaka

Huenda mtu akauliza: kwa nini ulinzi uwe mrefu hivyo? Mbona shimo la mchanga au la kokoto likijazwa husahauliwa, na hakuna anayedhurika?

Jibu liko katika tabia ya madini yenyewe. Mgodi wa urani huuza urani iliyosafishwa, ule unga wa manjano utiwao katika mapipa. Mawe yaliyosagwa na tope lililobaki haviuzwi. Watu wengi hudhani kwamba urani ikishaondoka, hatari nayo imeondoka. Sivyo. Takribani asilimia 85 ya mionzi iliyokuwamo katika mwamba hubaki katika tope hilo, kwa sababu thoriamu na radiamu hubaki humo. Radiamu huzaa gesi ya radoni, isiyoonekana wala kunuka, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huweza kuleta saratani ya mapafu. Mwamba ulipokuwa chini ya ardhi, gesi hiyo ilifungiwa ndani ya jiwe. Ukishasagwa kuwa unga, milango imefunguliwa.

Wataalamu hupima umri wa vitu hivi kwa muda unaohitajika ili nusu yake iishe. Kwa radiamu ya namna hiyo ni miaka 1,600 hivi. Mtakatifu Augustino wa Hippo alifariki mwaka 430. Kama siku ile ya maziko yake mtu angezika pishi moja ya radiamu, leo nusu pishi ingekuwa bado ipo. Na thoriamu inayoizaa radiamu hiyo huchukua takribani miaka 75,000 ili nusu yake iishe. Kwa hiyo radiamu iliyomo katika tope huzidi kuzaliwa upya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 juu ya mabaki hayo iliwekewa kanuni kwamba kifuniko cha kaburi la tope kijengwe ili kidumu hadi miaka 1,000 kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote kisipungue miaka 200. Hata hao wenye fedha na wahandisi hawakuthubutu kuahidi zaidi ya hapo.

Sisi watu wa Mbozi tunalo somo letu wenyewe juu ya kumbukumbu. Pale Marengi kuna kimondo, donge la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 au zaidi, lililoanguka kutoka angani. Habari zake ziliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1930, ingawa wenyeji walilijua jiwe hilo tangu zamani. Lakini hakuna masimulizi yanayojulikana ya namna lilivyoanguka. Jambo kubwa kiasi hicho, lenye moto na kishindo, limefutika kabisa vinywani mwa watu. Basi, kama tani kumi na mbili za chuma zinaweza kushuka kutoka mbinguni na zikasahauliwa, tope lililozikwa kimyakimya bondeni litakumbukwa na nani? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Hatari bila daftari haiishi. Habari zake tu ndizo huisha.

Jirani yetu Kayelekera

Tuvuke Mto Songwe. Magharibi ya mji wa Karonga, kaskazini mwa Malawi, kampuni ya Paladin ya Australia ilifungua mgodi wa urani wa Kayelekera mwaka 2009. Maji ya eneo hilo hushuka katika Mto Sere, huingia Rukuru ya Kaskazini, na kumwagika katika Ziwa Nyasa, ziwa lilelile ambalo ndugu zetu wa Kyela huvua samaki wake. Mwaka 2011 ajali ya kituo cha Fukushima, Japani, iliangusha bei ya urani duniani. Mwaka 2014 uzalishaji ukasimamishwa, mamia ya wafanyakazi wakaenda nyumbani. Mgodi haukufungwa rasmi wala haukuendelea. Uliwekwa katika hali ya kusubiri. Topesumu halikusubiri. Mvua za kila mwaka ziliendelea kunyesha juu yake, na maji yaliendelea kuhitaji kusafishwa kabla ya kuachiwa mtoni. Januari 2015 mvua kubwa ilifanya maji ya mvua ya eneo la kiwanda yamwagike. Kampuni ilisema vipimo havikuonyesha madhara mtoni. Mwaka 2020 Paladin iliuza mgodi kwa kampuni nyingine ya Australia, Lotus Resources, nayo ikauamsha mwaka 2025.

Sina haja ya kumshutumu mtu katika habari hizi. Bei ilishuka, mgodi ukalala. Bei ikapanda, ukaamka. Hiyo ndiyo desturi ya biashara. Lakini tazameni jambo hili: mgodi ulizalisha kwa miaka mitano hivi, kisha ukahitaji kulindwa kwa zaidi ya miaka kumi bila kuingiza senti. Kama mwenye mgodi angefilisika katika miaka hiyo, nani angelipia dawa za kusafisha maji? Ndiyo sababu wenye hekima hudai dhamana ya mazingira iwekwe kando mapema. Na hata dhamana hiyo yafaa iulizwe: inatosha kwa miaka mingapi?

Na huku kwetu

Turudi nyumbani. Mkataba wa mradi wa Ngualla ulitiwa sahihi na Serikali mwezi Aprili 2023, ikaundwa kampuni ya Mamba Minerals ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Madini adimu yanahitajika katika sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo, kwa hiyo dunia inayatafuta kwa bidii. Kampuni inasema viwango vya urani na thoriamu katika mwamba wa Ngualla ni vidogo sana. Yawezekana kabisa, na tuombe iwe hivyo. Lakini mahali pengine madini adimu yamekuja pamoja na thoriamu. Huko Bukit Merah, Malaysia, kiwanda cha kusafisha madini hayo kilianza kazi mwaka 1982, wakazi wakaenda mahakamani mwaka 1985, kiwanda kikafungwa mwaka 1994, na mabaki yake ilibidi yajengewe kaburi maalumu mlimani. Kwa hiyo neno la kampuni lisiwe mwisho wa habari. Lipimwe na Tume ya Nguvu za Atomiki, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji.

Lipo jambo lingine linaloonekana wazi tukiiweka miradi hii pamoja. Mradi wa Ngualla ulikuwa wa kampuni ya Peak ya Australia. Mwaka 2025 Peak ikanunuliwa na Shenghe ya China, kabla mgodi haujatoa hata gunia moja. Mradi wa Mto Mkuju ulikuwa wa kampuni ya Mantra ya Australia. Mwaka 2011 ukanunuliwa na Warusi, na leo uko chini ya shirika lao la Rosatom. Kayelekera umebadili mikono. Hata mgodi wetu wa makaa wa Kiwira, huko Ileje, ambao hauna habari ya urani, ulijengwa na Serikali ukaanza kazi mwaka 1988, ukaingia katika ubinafsishaji mwaka 2005, ukasimama, kisha ukarudi mikononi mwa Serikali chini ya STAMICO. Mmiliki huja na kuondoka, jina juu ya lango hufutwa na kuandikwa lingine. Anayebaki ni yule asiyeweza kuuza hisa zake na kupanda ndege: mwanakijiji. Basi ahadi ya ulinzi isishikwe na mmiliki peke yake.

Nazijua hoja za wenzetu

Wapo watakaosema: Padre, tumbo tupu halisikii habari za miaka elfu. Kijana anataka ajira mwaka huu. Hoja hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Shinkolobwe yenyewe yaithibitisha: zege lilivunjwa na njaa. Ulinzi usiojali riziki ya watu wanaoishi kando ya shimo hautadumu, hata ukiwa na ukuta na askari. Lakini hoja hiyo haiondoi wajibu, yauongeza. Mgodi ukifungwa, walinzi wa kwanza kuajiriwa wawe vijana wa hapohapo, wafundishwe kupima maji na vumbi, walipwe mshahara kutoka katika mfuko wa ulinzi. Ulinzi nao ni kazi, tena ni kazi isiyokwisha pamoja na madini.

Wengine watasema: sheria zipo. Naam, zipo. Tuna Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zake juu ya madini yenye mionzi. Lakini sheria isiyojulikana kijijini ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Mjumbe wa serikali ya kijiji asiyejua kwamba ana haki ya kuona taarifa ya tathmini ya mazingira hawezi kuidai.

Na wengine, wenye imani nyingi, watasema kwamba Mungu ndiye mlinzi. Ni kweli. Lakini katika kitabu cha Mwanzo binadamu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kuilima na kuitunza, wala hakuna mahali alipopewa ruhusa ya kuchagua ya kwanza na kuiacha ya pili. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu sote, aliweka haki kati ya vizazi kuwa sehemu ya haki yenyewe. Mtoto atakayezaliwa Mkwajuni miaka 300 kutoka sasa hana diwani wala mbunge katika kikao cha leo. Sisi ndio wasemaji wake. Naye Kaini aliulizwa habari za ndugu aliyekuwa akimwona kwa macho. Sisi tutaulizwa habari za ndugu ambao hatutawaona kamwe.

Mambo ya kudai

Kwa hiyo napendekeza mambo matano, ambayo kamati zetu za Haki na Amani ziyabebe mpaka kwenye mikutano ya vijiji na mabaraza ya madiwani.

Kwanza, mpango wa kufunga mgodi uonyeshwe kabla ya kufunguliwa, nao uwe na sura nzima juu ya ulinzi wa baada ya kufunga: nani atakagua, kila baada ya muda gani, na kwa fedha ipi.

Pili, fedha ya ulinzi iwekwe mapema katika mfuko ambao kampuni haiwezi kuondoka nao wala Serikali kuutumia kwa shughuli nyingine, na hesabu zake zitangazwe kila mwaka. Fernald yatufundisha kwamba kusafisha baadaye hugharimu mabilioni, na sisi hatuna mabilioni hayo.

Tatu, vipimo vya mwanzo vichukuliwe sasa. Maji ya visima, mito na udongo wa maeneo ya Ngualla yapimwe kabla ya kazi kuanza, na nakala ikae kijijini. Pasipo kipimo cha mwanzo, siku ya kesi hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba maji yalikuwa safi.

Nne, kaburi la tope likishajengwa, mipaka yake iandikwe katika ramani ya kijiji na katika hati za ardhi, ili asitokee mtu baada ya miaka 50 akauziwa kiwanja juu yake. Alama ziwekwe za mawe, zenye maandishi na picha, maana hata lugha hubadilika.

Tano, kwa kuwa maji hayana pasipoti, vijiji vya Ileje na Kyela vipewe haki ya kupata habari za Kayelekera kama vijiji vya Karonga. Maaskofu na kamati za pande mbili za mpaka zina njia ya kuwasiliana, itumike.

Kazi ya parokia

Mwisho, yako mambo tusiyopaswa kumngojea mtu mwingine. Parokia ni miongoni mwa taasisi chache za vijijini zinazojua kutunza daftari. Vitabu vyetu vya ubatizo huandikwa kwa mkono, hutunzwa kabatini, padre mpya huvipokea kwa mwenzake kwa sahihi; na katika parokia kongwe za nchi hii vimepita miaka 100. Utawala wa Kijerumani ulikuja ukaondoka, wa Kiingereza ukaja ukaondoka, mikoa imegawanywa na kupewa majina mapya, hata huu wa kwetu ulizaliwa mwaka 2016 tu, vitabu vipo. Napendekeza kila parokia iliyo karibu na mgodi, uwe wa dhahabu, wa makaa au wa madini adimu, ifungue kitabu cha ardhi kando ya kitabu cha ubatizo. Kiandikwe humo mahali palipochimbwa, palipomwagwa sianidi au zebaki, palipozikwa tope, mwaka gani, na nani alikuwa shahidi. Tuanze na mashimo ya zamani ya dhahabu ya Wilaya ya Songwe, ambayo wazee wanayajua na vijana wanajenga karibu nayo bila kujua. Na mara moja kwa mwaka, wakati wa kubariki mbegu, wazee wawatembeze watoto katika mipaka hiyo, wawaonyeshe kwa kidole.

Ni kazi ndogo, haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu, na watu wenye nia ya kudumu kuliko zege.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu kuna shimo gani la zamani la uchimbaji? Nani anajua kilichoachwa ndani yake, na je, ameandika?

2. Je, viongozi wetu wa kijiji wamewahi kusomewa taarifa ya tathmini ya mazingira ya mradi wowote? Tufanye nini ili waipate?

3. Vijana wetu wanaotafuta riziki migodini wanahitaji msaada gani ili njaa isiwalazimishe kuvunja kilichofungwa?

4. Jumuiya yetu iko tayari kumteua nani kuandika kitabu cha ardhi, na nani atakipokea baada yake?